Divai nyeupe za Ujerumani na Austria: Kinywaji cha kila siku kisichotoboa mfuko

KATIKA fikra za watu wengi, divai ni kinywaji cha wenye nacho. Ikitajwa, mara huja taswira ya karamu, chupa yenye jina gumu kutamkwa na bei inayomfanya mnunuzi aurudishe mkono mfukoni.

Katika mabonde ya mito ya Rhine, Mosel na Danube, hali ni tofauti. Huko divai nyeupe hunywewa na seremala, karani, mwalimu na mstaafu, si siku ya sikukuu pekee bali hata Jumanne ya kawaida, pamoja na mkate na jibini. Aghalabu huuzwa katika chupa ya lita moja yenye kifuniko cha kuzungusha, na wakati wa joto huchanganywa na maji ya gesi bila yeyote kuona haya.

Hata hivyo, nyuma ya nafuu hiyo kuna historia ndefu, sheria nyingi na kashfa moja iliyolitikisa taifa zima. Mnunuzi anayeyafahamu mambo hayo huweza kuchagua chupa ya bei ya chini bila kubahatisha. Asiyeyafahamu huenda akaondoka dukani na maji ya sukari, kisha akazilaumu zabibu.

Ardhi na hali ya hewa

Ujerumani ina maeneo 13 yanayotambuliwa kisheria kwa kilimo cha zabibu za divai, yenye jumla ya takriban hekta 100,000. Zaidi ya thuluthi mbili ya mizabibu hiyo huzaa zabibu za divai nyeupe. Eneo kubwa kuliko yote ni Rheinhessen, likifuatwa na Pfalz na Baden. Mosel, Rheingau, Nahe na Franken ni madogo zaidi lakini yana sifa ya tangu kale.

Nchi hiyo iko karibu na mpaka wa kaskazini wa kilimo cha mizabibu duniani. Mstari wa latitudo ya 50 kaskazini mwa ikweta hupita katika mji wa Mainz, makao makuu ya jimbo linalozalisha divai nyingi zaidi nchini humo. Kwa kuwa jua ni haba, wakulima wa kale waliipanda mizabibu kwenye miteremko ya mito inayoelekea kusini, ambako miale hupiga sawasawa. Huko Mosel, udongo wa mawe meusi bapa hufyonza joto la mchana na kuirudishia mizabibu usiku.

Katika mazingira hayo zabibu huiva polepole, huku zikihifadhi uchachu wake. Ndio maana divai nyeupe za Ujerumani huwa nyepesi, zenye harufu ya tufaha, pichi au ndimu, na mara nyingi kileo kidogo kuliko divai za nchi zenye joto.

Austria ina takriban hekta 44,000, karibu zote zikiwa upande wa mashariki, mbali na vilele vya Alps vinavyojulikana na watalii. Mashamba mengi yamo Niederösterreich, jimbo linalouzunguka mji mkuu wa Vienna, na Burgenland karibu na mpaka wa Hungary. Steiermark, kusini, ni eneo dogo lenye vilima. Vienna yenyewe ina mamia ya hekta za mizabibu ndani ya mipaka ya jiji, jambo ambalo ni nadra kwa mji mkuu wowote ule.

Kilimo hiki ni cha kale. Warumi walikuwa na mashamba katika bonde la Mosel, na sanamu ya mawe iliyochimbuliwa huko Neumagen mwaka 1878 inaonyesha jahazi lililosheheni mapipa ya divai. Baadaye watawa waliendeleza kazi hiyo. Monasteri ya Eberbach huko Rheingau, iliyoanzishwa mwaka 1136, ingali inahusishwa na utengenezaji wa divai hadi leo.

Aina za zabibu

Riesling ndiyo malkia wa zabibu za Ujerumani. Jina lake linapatikana katika hati ya mwaka 1435, iliyoorodhesha miche iliyonunuliwa kwa ajili ya shamba la Rüsselsheim, karibu na mto Main. Leo zabibu hii inamiliki karibu robo ya mashamba yote ya nchi hiyo. Uchachu wake mkali huiwezesha kutoa divai kavu kabisa, divai yenye utamu wa kadiri, na hata divai tamu kama asali, bila kumkinai mnywaji.

Müller-Thurgau, iitwayo pia Rivaner, ilizalishwa mwaka 1882 katika chuo cha Geisenheim na mtaalamu Hermann Müller, mzaliwa wa jimbo la Thurgau nchini Uswisi. Kwa miaka mingi iliaminika kuwa mtoto wa Riesling na Silvaner. Uchunguzi wa chembe za urithi ulibainisha baadaye kuwa mzazi wa pili ni zabibu iitwayo Madeleine Royale. Huiva mapema, huzaa kwa wingi na divai yake ni laini. Kwa sababu hiyo imekuwa zabibu ya divai za bei nafuu, kwa mema na kwa mabaya.

Silvaner ni kiungo baina ya mataifa haya mawili. Ilitoka Austria na kupandwa Castell, katika eneo la Franken, mwaka 1659. Haina harufu kali na ladha yake ni kavu, yenye dokezo la majani na udongo. Wakazi wa Franken huitia katika chupa bapa ya mviringo iitwayo Bocksbeutel, inayotambulika kwa mbali hata na asiyejua kusoma Kijerumani.

Kwa upande wa Austria, Grüner Veltliner haina mpinzani. Imetwaa karibu thuluthi moja ya mashamba yote. Wataalamu wamegundua kuwa mzazi wake mmoja ni Traminer, na mwingine ni mzabibu mkongwe uliopatikana ukiwa umesahaulika katika kijiji cha Sankt Georgen, Burgenland. Divai yake hunukia tufaha la kijani na huacha mwasho mdogo wa pilipili manga ulimini. Eneo la Weinviertel, kaskazini mwa Vienna, ndilo ghala lake kuu, na ndiko zinakotoka chupa nyingi nzuri za bei ya kawaida.

Mnunuzi ajihadhari na jina Welschriesling, linaloonekana sana katika divai za Burgenland na Steiermark. Licha ya kufanana kwa majina, zabibu hiyo haina undugu na Riesling. Hata hivyo, divai yake changa na chachu kidogo ni maarufu kwa kuchanganywa na maji wakati wa kiangazi.

Siri iliyo katika lebo

Lebo ya Kijerumani huwatisha wengi kwa urefu wa maneno yake. Ukweli ni kwamba ni miongoni mwa lebo zinazoeleza mengi zaidi duniani, na maneno machache tu yanatosha kumwongoza mnunuzi.

Neno la kwanza ni ‘trocken’, maana yake kavu, yaani divai isiyo na utamu wa wazi. Kisheria haizidi gramu 9 za sukari kwa lita. ‘Halbtrocken’ ni nusu kavu, isiyozidi gramu 18. ‘Feinherb’ halina kipimo rasmi, lakini hutumiwa kwa divai ya aina hiyo ya kati. ‘Lieblich’ na ‘süß’ ni tamu. Pasipo neno lolote kati ya haya, asilimia ya kileo huwa kidokezo kizuri. Divai yenye asilimia 8 au 9 aghalabu imebakiza sukari ambayo haikugeuka kileo. Ile yenye 12 au zaidi kwa kawaida ni kavu.

Kundi la pili la maneno ni la daraja: Kabinett, Spätlese, Auslese na mengine yaliyo juu zaidi. Hapa ndipo wengi hupotea. Madaraja hayo, yaliyowekwa katika sheria ya mwaka 1971, hupima sukari iliyokuwamo katika zabibu siku ya mavuno, si utamu uliobaki ndani ya chupa. Hivyo basi, Spätlese inaweza kuwa tamu, na inaweza pia kuwa kavu iwapo sukari yote imechachuka. Kwa matumizi ya kila siku, Kabinett ndiyo rafiki wa mfuko na wa kichwa: nyepesi, yenye kileo kidogo na bei ya wastani.

Nchini Austria neno Kabinett lina maana tofauti kidogo, kwani huko ni divai kavu tu. Bonde la Wachau, lililotiwa katika orodha ya turathi za dunia ya UNESCO mwaka 2000, lina madaraja yake lenyewe kwa divai kavu. Steinfeder ndiyo nyepesi zaidi, Federspiel ni ya kati, na Smaragd ni nzito na ghali. Anayetafuta kinywaji cha kawaida huanzia Steinfeder au Federspiel. Kwingineko, herufi DAC huonyesha kwamba divai ina ladha inayotarajiwa kutoka eneo lililotajwa. Weinviertel ndilo lililotangulia kuzitumia, kwa mavuno ya mwaka 2002.

Neno la tatu lenye thamani ni ‘Gutsabfüllung’ au ‘Erzeugerabfüllung’. Yote mawili huashiria kwamba divai ilitiwa chupani na aliyezizalisha zabibu au na chama cha ushirika cha wakulima, badala ya mfanyabiashara aliyenunua divai ya jumla kutoka huku na huko. Katika chupa za bei ya chini, neno hilo mara nyingi ndilo linalotenganisha ngano na makapi.

Mwisho, kila chupa ya daraja la ubora hubeba nambari ya ukaguzi wa serikali. Maana yake ni kwamba divai ilipimwa maabara na kuonjwa kabla ya kuruhusiwa kuuzwa kwa jina hilo. Austria huongeza alama ya rangi za bendera yake, nyekundu, nyeupe na nyekundu, juu ya kifuniko.

Sifa iliyochafuka

Umuhimu wa nambari na alama hizo haueleweki bila kukumbuka yaliyotokea katika nusu ya pili ya karne ya 20.

Nchini Ujerumani, jina lililoumia zaidi ni Liebfraumilch. Asili yake ni mashamba machache yanayolizunguka kanisa la Liebfrauenkirche mjini Worms. Baadaye jina hilo lilitumiwa kwa divai ya maeneo mapana, nyingi ikitengenezwa kwa zabibu za Müller-Thurgau. Katika miaka ya 1970 na 1980 ilimiminika Uingereza na Marekani ikiwa tamu, nyepesi na rahisi mno. Ili kupata utamu huo, watengenezaji wengi waliongeza maji ya zabibu yasiyochachuka kabla ya kujaza chupa. Biashara ilinawiri kwa muda, lakini kizazi kilichofuata kilikua kikiamini kwamba kila divai ya Ujerumani ni sukari tupu. Hata wakulima wa Riesling bora walipata hasara kwa kosa lisilo lao.

Kilichotokea Austria kilikuwa kibaya zaidi. Waswahili husema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mwaka 1985 iligunduliwa kuwa baadhi ya wafanyabiashara wa Austria walitia kitu kibaya kuliko maji. Walikuwa wameongeza kemikali ya viwandani iitwayo diethilini glaikoli ili divai dhaifu ionekane nzito na tamu, kana kwamba imetokana na zabibu zilizoiva sana. Kemikali hiyo ni sumu kwa figo. Baadhi ya divai hizo zilikuwa zimeuzwa Ujerumani, ambako nyingine zilichanganywa na divai za huko.

Hakuna kifo kilichothibitika kusababishwa na kashfa hiyo, lakini mamilioni ya lita yaliondolewa madukani na nchi nyingi zikapiga marufuku divai za Austria. Wahusika kadhaa walifungwa. Mauzo ya nje yaliporomoka hadi karibu sehemu moja ya kumi ya kiwango cha awali, na familia za wakulima ambazo hazijawahi kuigusa kemikali hiyo zikakosa wanunuzi.

Bunge la Austria lilipitisha sheria mpya mwaka huohuo wa 1985, iliyokuwa miongoni mwa zilizo kali zaidi Ulaya. Iliweka kikomo cha mavuno kwa kila hekta, ukaguzi wa kila divai ya daraja la ubora na udhibiti wa chupa. Wakulima nao waliiacha njia ya utamu wa bandia, wakashika divai kavu, safi na inayotaja mahali ilikotoka. Ilichukua takriban miaka 15 kwa mauzo ya nje kurejea yalikokuwa. Mwaka 2002, katika shindano la kuonja bila kuona lebo jijini London, Grüner Veltliner za Austria ziliwekwa juu ya baadhi ya Chardonnay mashuhuri za Ufaransa na nchi nyingine.

Mnunuzi wa leo anayechukua chupa ya kawaida kutoka Weinviertel hunufaika moja kwa moja na somo hilo chungu. Usalama na unyofu wa chupa ya bei ndogo haukuja wenyewe. Ulilipiwa na wengi.

Namna inavyonywewa

Ujerumani na Austria hazina ibada kubwa katika kunywa divai ya kila siku. Huko Pfalz, wakazi hutumia bilauri ya nusu lita yenye vidoa vilivyobonyea iitwayo Dubbeglas. Hujazwa divai na maji ya gesi, kisha hupitishwa mkono kwa mkono mezani. Mchanganyiko huo huitwa Schorle. Bilauri hizo huonekana kwa wingi kila Septemba katika tamasha la Wurstmarkt mjini Bad Dürkheim, linalowavutia mamia ya maelfu ya watu.

Waaustria huuita mchanganyiko wao G'spritzter, nusu divai na nusu maji. Hapa maji hayatiwi na mgema kwa hila, bali na mnywaji kwa hiari yake, naye hujua sababu: kiu hukatika, mazungumzo hurefuka na kichwa hubaki kitulivu. Divai inayofaa kazi hiyo ni ile changa, kavu na ya bei ndogo. Kuitia maji divai ghali huhesabiwa kuwa israfu.

Mahali panapodhihirisha vyema zaidi desturi hii ni Heuriger, yaani baraza ya mkulima anayeuza divai ya shamba lake mwenyewe. Mnamo Agosti 17, 1784, Kaizari Joseph II alitoa amri iliyowaruhusu wakulima kuuza mazao na divai zao wenyewe, na kutokana nayo zikachipuka baraza za viungani mwa Vienna. Tawi la msonobari likitundikwa mlangoni, wapita njia hujua pamefunguliwa. Jina lenyewe lina maana ya ‘ya mwaka huu’, kwani divai inayouzwa ni ya mavuno ya karibuni. Chakula ni cha baridi na cha nyumbani: mkate mweusi, nyama iliyochomwa na kukatwa vipande, na jibini laini iliyotiwa pilipili hoho.

Vienna ina divai yake maalumu kwa baraza hizo, iitwayo Gemischter Satz. Aina kadhaa za zabibu hupandwa pamoja katika shamba moja, huvunwa pamoja na kuchachushwa pamoja. Zamani ilikuwa njia ya mkulima kujikinga, kwani aina moja ikiharibiwa na baridi, nyingine ingesalimika.

Ujerumani ina mfano wake, Straußwirtschaft. Mkulima huruhusiwa kuwauzia wageni divai yake kwa muda usiozidi miezi minne kwa mwaka, katika ukumbi wa viti visivyozidi 40. Ishara yake ni shada la maua au ufagio mlangoni. Msomaji anayezifahamu mangwe za Pwani ya Kenya, ambako mgema huuza mnazi uliogemwa karibu, hatashangazwa na mpangilio huo.

Mfanano mwingine na mnazi huonekana msimu wa mavuno, mwezi Septemba na Oktoba. Wakati huo huuzwa divai ambayo bado inachachuka, yenye ukungu na povu, iitwayo Federweißer kwa Wajerumani na Sturm kwa Waaustria. Chupa yake haifungwi kabisa, la sivyo gesi ingeipasua. Hunywewa ndani ya siku chache, kabla utamu haujageuka ukali.

Divai na chakula

Uchachu wa divai hizi hufanya kazi ileile ya ndimu katika sahani: hukata mafuta na kuamsha ladha. Kwa sababu hiyo Grüner Veltliner huandamana vyema na Wiener Schnitzel, nyama ya ndama iliyopondwa hadi ikawa nyembamba, ikavikwa mayai na chembe za mkate, kisha ikakaangwa. Silvaner ni mwenzi wa asparaga nyeupe, mboga inayosubiriwa kwa hamu Ujerumani kuanzia Aprili hadi Juni 24, siku ambayo uvunaji wake hukoma kidesturi.

Riesling yenye utamu kidogo ina kipaji kingine, nacho ni kustahimili viungo na pilipili. Kileo kingi huzidisha mwasho wa pilipili mdomoni, ilhali utamu huupoza. Kwa hiyo Kabinett ya asilimia 8 hufaa zaidi kwa samaki wa kupaka au biriani kuliko divai nyingi nzito na ghali.

Chupa hizi zinywewe zikiwa na ubaridi wa nyuzi 8 hadi 10. Zikiwa baridi kupita hapo, harufu hufifia. Zikiwa na joto, kileo hutawala. Divai ya kawaida yafaa inywewe ndani ya miaka miwili au mitatu tangu mavuno. Ikifunguliwa, hudumu siku tatu au nne katika jokofu, almuradi ifunikwe barabara. Kifuniko cha kuzungusha si dalili ya divai duni, kwani hutumiwa hata na wakulima wenye sifa kubwa kulinda ubichi wa divai.

Bei na jasho la mkulima

Katika maduka ya bei nafuu kama Aldi na Lidl, ambayo huuza sehemu kubwa ya divai inayonywewa majumbani Ujerumani, chupa hupatikana kwa yuro 5 au chini ya hapo. Kwa mkulima mwenyewe, chupa nzuri ya kila siku aghalabu hugharimu kati ya yuro 6 na 10. Tofauti hiyo ndogo ndiyo hatua yenye faida kubwa zaidi kwa mnywaji. Chini yake, gharama za chupa, lebo, usafirishaji na kodi humeza karibu bei yote, na kinachobaki kwa ajili ya divai yenyewe ni senti chache.

Mzigo huo humwelemea zaidi mkulima wa milimani. Mteremko wa Calmont, karibu na kijiji cha Bremm huko Mosel, una mwinuko unaofikia takriban nyuzi 65. Hakuna trekta linaloweza kuupanda. Kazi zote, kuanzia kupogoa hadi kuvuna, hufanywa kwa mikono, na zabibu huteremshwa kwa vigari vinavyopita juu ya reli moja. Hekta moja ya namna hiyo hudai saa za kazi mara nyingi zaidi ya hekta ya tambarare inayovunwa kwa mashine, ilhali dukani chupa zake huwekwa rafu moja na za tambarare.

Matokeo yake ni kwamba miteremko mingi imeachwa ikageuka vichaka. Hali ya hewa nayo imebadilika. Mavuno ya Riesling ambayo zamani yalingojewa hadi Oktoba, sasa mara nyingi huanza Septemba. Zabibu huiva bila shida, lakini wepesi uliozipa divai hizi jina unazidi kuwa mgumu kupatikana. Isitoshe, machipukizi yanayotoka mapema hunaswa na baridi ya ghafla, kama ilivyotokea mwishoni mwa Aprili 2024 katika maeneo kadhaa ya Ujerumani.

Kiasi

Uzuri wa bei haufuti madhara ya pombe. Mnamo Januari 2023, Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba hakuna kiwango cha pombe kinachoweza kutajwa kuwa salama kwa afya. Wajawazito, madereva na wanaotumia dawa hawana nafasi katika meza hii. Ujerumani na Austria huruhusu divai kuanzia umri wa miaka 16, lakini sheria ya Kenya ni miaka 18.

Kwa anayekunywa, hesabu ni rahisi. Bilauri ya mililita 125 yenye divai ya asilimia 12 ina takriban gramu 12 za kileo. Bilauri hiyohiyo ya Kabinett ya asilimia 8 ina gramu 8 hivi, yaani thuluthi moja pungufu. Ikigawanywa katika bilauri kubwa ya maji ya gesi, huweza kudumu jioni nzima.

Desturi ya baraza za Vienna na vijiji vya Pfalz ilijengwa juu ya msingi huo: divai ndogo, maji mengi, chakula mezani na mkulima anayejulikana kwa jina. Pale mnunuzi anapoongeza yuro mbili au tatu na kuchukua chupa iliyojazwa na mkulima mwenyewe, hupata kinywaji bora, naye mkulima hupata sababu ya kuupanda tena mteremko msimu ujao.